Shokapu za Wifi Yangu

Machi 2

Nimeanza kuandika kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo patachimbika humu ndani.

Wifi yangu Oddny amepokea mzigo leo kwa basi la kutoka mjini Alta. Boksi refu, zito, amelibeba begani mwenyewe kutoka kituoni mpaka kwao, akipita mbele ya dirisha langu polepole kuliko kawaida. Ndani yake mna shokapu mbili mpya za mbele za skuta yake ya theluji. Zina springi za rangi ya chungwa, kichupa cha gesi ubavuni, na kitufe cha kuzungusha ukitaka ziwe ngumu au laini. Heaika, mdogo wangu, ambaye ndiye mumewe, alinipigia simu nikazione. Nikaenda. Nikasema hongera wifi, nikarudi nyumbani kukata nyama ya kukausha, nikajikata kidole.

Machi 3

Jana niliandika kwa hasira nikaruka mambo.

Baba yetu, mzee Klemet, alianguka Januari kwenye uzio wa mifugo akavunjika nyonga. Daktari amesema mwaka huu hapandi skuta. Na kila Aprili, kabla barafu ya mto haijaoza, sisi huhamisha kundi letu la kulungu wa theluji kutoka huku nyanda za juu hadi pwani, majike wakazalie huko. Wakichelewa watazaa njiani, na ndama wa njiani ni wa mbwamwitu na kunguru. Anayetangulia mbele ya kundi ndiye anayeshika njia na kuamua tupumzike wapi. Baba ametangulia tangu kabla sijazaliwa. Mimi ndiye mkubwa, na tangu nikiwa msichana nimekaa nyuma yake nikila theluji inayorushwa na mkanda wa skuta yake. Safari hii mbele ni pangu.

Ila Baba hajasema. Nikimuuliza anaangalia kikombe chake cha kahawa.

Machi 4

Upepo. Hakuna aliyetoka.

Machi 7

Leo wamezifunga. Baba alikokotwa kwa kigari mpaka bandani kwao ili ashuhudie, akaketishwa juu ya kreti na mto mgongoni. Wamepiga jeki pua ya skuta, skii zake za kutelezea zikaning'inia. Nilidhani Heaika ndiye atakayefanya kazi. Kumbe yeye wa kumulika tochi tu. Oddny alipiga magoti, akafungua nati ya juu, akafungua ya chini, akachomoa shokapu ya zamani, akapachika mpya, akakaza. Baadaye akapanda skuta akakaa kimya, mume akapima kwa rula ni kiasi gani pua imeshuka kwa uzito wake. Wakalegeza springi. Akakaa tena. Wakapima tena.

Baba alikuwa akitumbukiza vipande vya jibini ndani ya kahawa yake, kama wazee wa huku wanavyoinywa. Akasema, bila kuulizwa, "Mikono ya huyu ina akili."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nina miaka arobaini na mbili na sikumbuki mikono yangu ikisemwa chochote. Oddny ni mtoto wa wavuvi wa chewa. Alipoolewa hapa hakujua hata kutofautisha jike na dume lililodondosha pembe, na siku ya kwanza aliuliza mezani tuna kulungu wangapi, watu wakaacha kutafuna. Swali hilo ni sawa na kumwomba mtu afungue pochi yake mbele za watu. Sasa ana akili mikononi.

Machi 12

Tulikwenda wote kuangalia kundi. Njia imejaa matuta, theluji imegandishwa na upepo ikawa mawe matupu. Oddny alipita juu yake amekaa kitako, chai mkononi. Naapa, chai mkononi.

Mimi niko kwenye skuta ya Baba. Alinipa Januari akiwa bado hospitalini, kwa maneno manne tu: "Chukua skuta yangu, Ravna." Basi. Mwaka juzi Baba alipowanunulia Heaika na mkewe skuta mpya kulikuwa na keki na picha. Mashine yangu na ya Oddny ni za aina moja, ila yangu ilitangulia kuzaliwa miaka mingi, na shokapu zake za mbele zimekwisha kabisa. Kila tuta linanipanda mpaka kwenye meno, na kila tuta linalia: nyiii-nyaa, nyiii-nyaa. Wenzangu wananisikia kabla hawajaniona. Heaika ananiita "mlango wa choo".

Kitu kimoja kilinifariji. Tulipofika, Muzet alikuja moja kwa moja kwangu. Muzet ndiye dume letu la mbele, mweusi, amehasiwa, ametulia. Akienda yeye kundi zima linakwenda. Watu wengine humfunga dume la mbele kamba nyuma ya skuta na kumburuta. Kwetu hafungwi. Babu hakumfunga, Baba hakumfunga. Dume likifuata kwa hiari ndipo unahesabiwa unajua kazi. Na Muzet alimpita Oddny na springi zake za chungwa akaja kuniegemea mimi. Nikamwambia wifi, "Unaona? Mapenzi hayanunuliwi dukani." Akacheka. Anacheka vizuri sana, na hilo nalo linaniudhi.

Machi 13

Mgongo.

Machi 15

Nimeagiza shokapu. Si kama zake. Za kwangu ni za daraja la juu zaidi, zina vitufe viwili. Muuzaji kwenye simu aliniuliza nabeba mzigo gani, naendesha njia gani, nina kilo ngapi. Nilimwambia anitumie tu bora kuliko zote alizowahi kutuma mji wetu.

Machi 19

Oddny ameoka mikate, ametuletea. Mizuri. Nilimpa Baba yote ili nisiione.

Machi 24

Zimefika, na nimezifunga leo. Baba alitaka kuwepo, nikamkokota bandani kwangu. Oddny alikuja na spana zake mfukoni, akasema, "Nikusaidie, wifi? Hizo springi ukizikosea zinasumbua." Nikamwambia nimefungua nati tangu kabla yeye hajaonja nyama ya kulungu.

Akakaa kwenye gogo akiniangalia. Nati ya chini ya kushoto ndiyo iliyokuwa ikilegea siku zote, ilitoka kwa vidole. Zile za zamani nilipozichomoa hata nilizionea huruma, kutu tupu, mpira wa kwenye bushi, pale zinapofungwa kwa nati, umekwisha. Nikazitupa kwenye ndoo ya takataka. Oddny akainama akazitazama.

"Unazitupa hizi, wifi?"

"Unazitaka?"

"Nikizipata nitashukuru."

"Chukua. Kapambie ukuta."

Heaika alicheka. Oddny hakucheka, alizifuta kwa kitambaa akaziweka kwapani. Baba alifungua kinywa, akanitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akarudi kwenye kikombe chake. Nilijua ni nyonga inamuuma.

Machi 25

Skuta haishikiki. Nimekaza springi kwa nguvu zangu zote nikidhani ngumu ndiyo imara. Pua imesimama juu. Nikikata kona usukani unanivuta mabega, nikigonga tuta narushwa pembeni. Nimeangukia theluji laini mara mbili karibu na kanisa, na mchungaji aliniona.

Jioni Oddny alikuja bila kuitwa. Sikumfungulia mlango wa nyumba, akaenda bandani, nikalazimika kumfuata. Akasema, "Panda, wifi. Kaa unavyokaa siku zote, usijikaze." Nikapanda. Akalegeza springi upande mmoja, akalegeza upande wa pili, akanisukuma bega nikanesa juu chini. "Lazima ishuke kidogo ukikaa. Isiposhuka, ikikuta shimo skii haina pa kuteremkia." Alikuwa amenishika bega muda wote. Mikono yake ina makovu ya ndoana, sikuwahi kuyaona.

Nilisema asante. Nilisema kwa sauti ndogo lakini nilisema.

Machi 28

Mungu wangu, raha. Matuta hayapo. Nimekwenda mpaka ziwa la juu na kurudi na mgongo wangu hauna habari. Kimya kabisa, injini tu inanguruma chini yangu. Nilimpita Oddny kwenye mteremko nikampungia mkono.

Machi 31

Nilipeleka chakula kwenye kundi. Muzet hakuja. Alinyanyua kichwa, akanitazama, akaendelea kuchimba theluji. Amenuna, nadhani ni kwa sababu ya hali ya hewa.

Aprili 3

Muzet hakuja.

Aprili 5

Muzet hakuja, na nimemkuta Oddny karibu naye na mfuko wa pumba mkononi. Sasa nimeelewa. Ananihonga dume langu. Shokapu hazikumtosha, mikate haikumtosha, mikono yenye akili haikumtosha, anataka na mbele pangu. Nilimpita bila kumsalimia. Akaniita, "Wifi, subiri nikuambie kitu." Sikusubiri.

Aprili 9

Siku mbaya kuliko zote. Naandika nikiwa na koti mwilini.

Baba alisema jana kwamba leo kundi litatolewa kwenye malisho ya msimu wa baridi mpaka uzio wa kuondokea, na atakayetangulia leo ndiye atakayetangulia mpaka pwani. "Ravna aanze," alisema. Aliyasema mbele ya Oddny. Nilivaa mkanda wa fedha wa marehemu mama, ule wa kwenda harusini, chini ya koti.

Tulimweka Baba kwenye sleji ya kuburutwa na skuta, amefunikwa ngozi, darubini shingoni. Nikapita mbele ya Muzet polepole kama Baba anavyopita, nikaita kama Baba anavyoita, nikasogea. Nikatazama nyuma. Muzet amesimama. Nikarudi, nikamnusisha pumba, akala, akasimama. Kundi lote nyuma yake limesimama likinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikazunguka tena, na tena. Mbwa wakaanza kubweka kwa kuchoka.

Heaika akajaribu. Hakuna. Oddny akajaribu, na hapo, niandike ukweli, moyo wangu uliomba ashindwe. Akashindwa. Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu nikaona majike walivyojaza matumbo, na maji yameshaanza kuonekana kando ya mto, nikaacha kufurahi.

Heaika akasema basi tumfunge kamba. Baba akasema hapana, bila kupaza sauti, na hakuna aliyerudia neno hilo.

Nikaenda kwenye sleji. Nikamwambia, "Baba, Muzet amenikataa."

"Hajakukataa. Hakusikii."

Nikamwambia nimeita mpaka koo limekauka. Akashusha darubini. "Muzet amezaliwa akisikia nyiii-nyaa. Mama yake aliifuata hiyo. Kwenye ukungu, kwenye tufani, anajua hapo ndipo pa kwenda. Ulidhani mimi ni mvivu wa kutia grisi?"

Nilisimama nikikumbuka maneno yake manne ya Januari. Nilidhani ananipa mabaki. Mzee alikuwa kitandani na nyonga imevunjika, na alikuwa ananikabidhi kundi.

"Kwa nini hukuniambia nilipozitoa?"

"Ungenisikia? Ulikuwa unamtazama wifi yako tu."

Aprili 10

Asubuhi nilijikaza, nikaosha uso, nikatoka kwenda kumwomba Oddny anirudishie shokapu za zamani. Nilipanga maneno njia nzima. Sikufika mlangoni. Nyuma ya banda lao nilisikia: nyiii-nyaa, nyiii-nyaa.

Alikuwa amezifunga. Zile springi za chungwa zilikuwa zimelala juu ya gunia, na yeye alikuwa akizunguka uwanjani polepole juu ya chuma changu kilichooza, akirushwa kila tuta, meno yakigongana. Mbali kule kwenye uzio wa malisho vichwa vya kulungu vilikuwa vimenyanyuka. Muzet alikuwa amekuja mpaka kwenye waya.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwita mwizi, hilo naliandika. Alizima injini akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa sioni kitu kwenye ukungu. Nyinyi mnaona, mimi sioni. Nilikuwa namfuata Baba kwa huo mlio tu. Nikiupoteza nalia ndani ya helmeti. Nilidhani kila mtu anajua. Ulipozitupa nikashangaa. Nikasema nizitunze. Juzi nilitaka kukuambia, ukanipita."

"Basi nirudishie."

"Nitazifungua sasa hivi ukisema. Lakini usiniite mwizi, ulinipa mbele ya watu. Na ukitaka ukweli wangu, wifi, na mimi nataka kutangulia. Unadhani ni wewe peke yako umekaa nyuma ya mtu? Mimi nimekaa nyuma yako. Miaka yote hii Muzet anakuja kwenu, Baba anauliza Ravna anasemaje, kila jiwe la nyanda hizi lina jina na wewe ndiye unayelijua. Mimi kila nikifunga kitu kipya kwenye skuta nadhani leo mtaniona wa hapa."

Sijawahi kuwaza kwamba mtu anaweza kunionea wivu mimi.

Baba, aliyekuwa amelala kwa Heaika, alikuwa ametoka, ameegemea magongo mlangoni mwao. Nikamgeukia aamue. Akasema, "Aliyepewa ni Ravna. Aliyegawa ni Ravna. Mimi sina kitu tena cha kugawa." Akarudi ndani.

Oddny alishatoa spana mfukoni, amepiga magoti kwenye theluji, anasubiri. Nilizitaka shokapu zile. Nazitaka hata sasa ninapoandika. Nusu saa ya kazi na mbele ingekuwa pangu, hakuna mtu angenilaumu. Lakini nimeusikia mlio ule maisha yangu yote, na kwangu ulikuwa kelele, kasoro ya mashine, kitu cha kunitia aibu mbele ya Heaika. Mtoto wa wavuvi aliusikia msimu mmoja wa baridi akajua ni njia.

Nikamwambia, "Kaza vizuri ya chini kushoto. Huwa inalegea."

Akanitazama kama hakusikia, akainama akaikaza. Nikaishika ile skii isicheze.

Halafu nikaenda nyumbani nikalia mpaka nikalala na viatu.

Aprili 12

Tumeondoka alfajiri, theluji imekaza. Oddny mbele. Muzet nyuma yake bila kamba. Mimi mwisho kabisa, nikisukuma wazembe. Nimekaa juu ya shokapu bora kuliko zote mjini, na sijawahi kukaa vibaya hivi.

Aprili 13

Vivyo hivyo.

Aprili 15

Mgongo wa Oddny. Alishuka kwenye skuta amepinda, Heaika akamkanda mbele ya moto. Nilimpa mafuta yangu ya kuchua. Nusu ya moyo wangu ilisema vizuri, ayapate yaliyonipata. Nusu nyingine ilimwonyesha asimame kidogo kwa magoti kila akikuta tuta, Baba alivyokuwa akifanya. Alijaribu, akasema kweli, inasaidia.

Aprili 17

Ukungu umetukuta kwenye mlima wa kuteremkia pwani, na huko kulia ni korongo. Nilikuwa nyuma na majike watatu waliochoka. Ghafla sikuona kundi. Sikuona majike. Sikuona mkono wangu mwenyewe. Njia ile naijua mawe yake kwa majina, lakini jina la jiwe halikusaidii kitu usipoliona jiwe. Nilisimama. Skuta yangu nzuri ilinguruma taratibu chini yangu na sikujua niielekeze wapi. Niliogopa, na sioni haya kuandika.

Nikazima injini ili nisikie.

Mwanzoni upepo tu. Kisha mbali, chini kushoto, nyiii-nyaa. Ikanyamaza. Nikashika pumzi. Nyiii-nyaa. Oddny alikuwa amepunguza mwendo, nikaja kujua baadaye kwamba alikuwa akizunguka pale pale kwenye matuta kwa makusudi, akijipiga mgongo, ili aliye nyuma asikie. Wale majike watatu walinyanyua masikio, wakanipita, wakaenda. Nami nikawafuata, nikilia ndani ya helmeti.

Aprili 20

Tumefika. Bahari, matope, nyasi ya mwaka jana inachungulia. Jike la kwanza limezaa nyuma ya kibanda, ndama mweusi, atafanana na Muzet. Baba ameletwa kwa gari kwa njia ya barabara, amemtazama ndama, amemtazama Oddny, amenitazama mimi. Aliomba kahawa. Mara hii kabla ya kukitazama kikombe alinishika mkono, akauacha wake juu ya wangu mpaka kahawa ikapoa.

Baada ya chakula Oddny alilala juu ya ngozi amechoka, kinywa wazi. Heaika akaenda kwenye skuta ya mkewe na kopo la grisi na brashi. Amesema kichwa kinamuuma kwa wiki nzima, huo mlango wa choo anaumaliza leo leo kabla mkewe hajaamka, amfanyie mshangao.

Nilikuwa mbali, nikikamua soksi. Sijui nilifikaje. Nilimnyang'anya kopo, akadhani natania, akalivuta, nikamsukuma akakaa kwenye matope. Akasema, "Dada, una nini? Si ndiye huyo huyo uliyekuwa humtaki?"

Nikamwambia akigusa bushi zile nitamtia yeye grisi. Oddny aliamka, akanikuta nimesimama kati ya mumewe na skuta yake, nimeshika brashi. Alisogea kwenye ngozi akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Wivu ninao bado. Nilikwenda nikakaa. Kopo la grisi liko mfukoni mwangu, na litalala huko.